Kufuli Halina Bosi

Mkasi tuliouacha juma lililopita ukiwa umefungua mdomo, mpaka sasa umefungua mdomo. Haujakata. Kilichouzuia ni kidole.

Kidole chenyewe ni cha Meneja. Amekiingiza katikati ya makali, juu kabisa ya kufuli, na anamkazia macho fundi aliyeushika huo mkasi wa kukatia vyuma.

"Kata," alimwambia. "Anza na mimi, halafu umalizie na kufuli."

Fundi huyo wanamwita Nyundo kwa sababu ya ukubwa wa mikono yake.

"Mama Kufuli, usinifanyie hivyo. Mimi nimetumwa tu."

"Sikukatazi kutumwa, mwanangu. Nakukataza kuua."

Nyundo akauachia mkasi. Ukaanguka sakafuni kwa kishindo, na kila mtu katika chumba cha mitambo akaruka isipokuwa Meneja.

Wewe uliyefungia nyanya gazeti la juma lililopita kabla hujalisoma, sogea nikunong'oneze. Leo ndiyo siku ya kuwasha laini mpya ya umeme, kutoka bwawani mpaka hapa mjini. Meneja wa programu ameisimamia tangu ikiwa mstari wa kalamu kwenye ramani. Na ana sheria moja ambayo mafundi wameitungia utani hadi wakampa jina la Mama Kufuli.

Sheria ni hii. Anayekwenda kufanya kazi kwenye laini hutundika kufuli lake mwenyewe, lenye picha yake, kwenye swichi kuu. Ufunguo anaondoka nao mfukoni. Akirudi salama, anafungua kwa mkono wake. Kufuli likining'inia, mtu yuko juu, basi. Hakuna maswali, hakuna mjadala, hakuna mheshimiwa.

Asubuhi ya leo makufuli yote yametoka. Limebaki moja jekundu, lenye picha ya fundi wanayemwita Mrefu. Mrefu hapatikani kwa simu. Mkurugenzi kasema kalisahau tu. Meneja akajibu kwa kutundika kufuli lake ubavuni mwa lile jekundu.

Umeshika? Haya, turudi ndani.

Mkurugenzi aliokota mkasi yeye mwenyewe, akautua mezani taratibu, akavuta tabasamu. Ni mtu wa suti nzuri na sauti laini, na sauti ile inapozidi kulainika ndipo watu wa ofisi yake huanza kutafuta pa kujificha.

"Dada yangu," alisema, "mgeni rasmi amekaa chini ya turubai. Kidole chake kiko juu ya kitufe. Unataka nimwambie nini?"

"Mwambie asiwe na wasiwasi. Kitufe kile hakijaunganishwa na kitu chochote isipokuwa kengele."

Ilikuwa kweli, na wote mle ndani walijua. Mgeni rasmi angebonyeza, kengele ingelia chumbani humu, na mwendesha mitambo ndiye angewasha. Mwendesha mitambo mwenyewe alikohoa kuficha kicheko.

"Nisikilize," Mkurugenzi akasogea. "Kiti cha makamu wangu kiko wazi. Nilikuwa nasubiri leo ipite nikutangaze. Ofisi ya ghorofa ya juu, gari, dereva. Ondoa tu hicho kibati chako."

"Na lile la Mrefu?"

"Mrefu yuko kwake amelala!"

"Basi aje, alifungue, akalale tena."

"Unakataa umakamu kwa ajili ya kufuli la fundi?"

"Nakataa kukalia kiti kilichotiliwa mto wa maiti."

Tabasamu likaondoka. Mkurugenzi akageuka kuwatazama waliokuwapo, akihakikisha kila mmoja anasikia.

"Sawa. Kuanzia sasa wewe si meneja wa programu. Mrithi atachukua nafasi yako. Yuko wapi Mrithi?"

Mrithi ni msaidizi wa Meneja na mpwa wa Mkurugenzi. Jina hilo walimpa siku ya kwanza alipoingia kazini, maana hata mfagizi alijua kijana kaletwa kurithi kiti cha nani. Watu wakatazamana. Hakuna aliyemwona tangu asubuhi.

"Mtafuteni. Na wewe, mama, kabidhi kitambulisho utoke nje."

Moyo wa Meneja ulimuuma. Tusidanganyane, uliuma sana. Alianza kazi hii akipanda minara na mkanda kiunoni, wanaume wakiwa chini wanacheka. Alisoma huku analea, akapanda cheo kwa cheo, akaipitisha laini hii milimani na mabondeni. Sasa anafukuzwa siku ya shangwe, mbele ya vijana aliowafundisha kufunga viatu vya kazi.

Alikivua kitambulisho, akakiweka mezani kando ya mkasi.

"Nimekusikia. Nitachukua kikombe changu na mwavuli wangu niende zangu. Lakini kufuli halina bosi. Lile si la meneja wa programu, ni la mtu. Na mtu mwenyewe ndiye mimi."

Akavuta kiti, akaketi mbele ya swichi, akakunja mikono.

Mkurugenzi alimtazama kwa kitambo. Kisha akafanya jambo la ajabu. Akacheka kidogo, akatoa simu, akaenda kona ya mbali na kuzungumza akiwa amewapa mgongo. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Ikumbuke simu hiyo, msomaji. Utaihitaji.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Dereva wa ofisi akaingia akitweta, na nyuma yake, akiinamisha kichwa asijigonge, akaingia mtu mrefu, macho yamevimba kwa usingizi, shati amelivaa nje ndani.

Mrefu! Mzima wa afya!

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nyundo alimpigapiga mabegani, mwendesha mitambo akashika kichwa. Mkurugenzi alifungua mikono kama mshereheshaji anayemkaribisha bwana harusi.

"Marehemu wako huyo amefufuka! Mbona hajaungua? Mguse, ana joto!"

Meneja alihisi damu yote inampanda usoni. Alikuwa amesimamisha sherehe, amepoteza kazi, ameweka kidole kwenye mkasi, kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakoroma. Aliona aibu, na hakuwa na mahali pa kuipeleka.

"Mrefu," alisema polepole. "Ulilala umeacha kufuli?"

"Nilisahau, mama. Nisamehe. Zamu ya usiku ilinichosha."

"Basi," Mkurugenzi akapiga makofi. "Fungua lako, naye afungue lake, tuwashe!"

Meneja akasimama. Akatoa ufunguo wake kwenye mnyororo wa shingoni. Sheria ni sheria hata inapokuumbua, naye hakutaka kuonekana anayeipenda pale tu inapompendelea.

"Aliyetangulia kutundika atangulie kufungua," alisema. "Mrefu, karibu."

Mrefu akasogea kwenye swichi. Akatia mkono mfuko wa kulia. Akatia wa kushoto. Akajipapasa kifuani, akajipapasa nyuma.

"Nadhani... nadhani nimeuacha nyumbani. Kateni tu, mama. Nitanunua jingine."

"Hewaa!" Mkurugenzi aliuchukua mkasi.

"Ngoja." Sauti ya Meneja haikuwa kubwa, lakini mkasi ulisimama hewani. "Mrefu, nitazame. Ufunguo wa kufuli unakaa wapi?"

"Mfukoni kwa mwenyewe, mama."

"Hata akienda kuoga?"

"Anaufunga mkononi."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Sasa ufunguo wako uko mfukoni kwa nani?"

Mrefu, ambaye kichwa chake hukaribia kugusa taa, alionekana kupungua mbele ya macho yao. Alitazama sakafu. Alimtazama Mkurugenzi, akatazama sakafu tena.

"Ukitaja utafukuzwa," Meneja alimwambia. "Nakwambia ukweli, kuazimana kufuli ni kufukuzwa, sheria niliiandika mimi. Usipotaja, utakuja kutaja kaburini kwa mtu. Chagua."

"Aliniambia ni muda mfupi tu!" Mrefu akalipuka. "Aliniomba asubuhi, nikitoka zamu. Alisema lake hana, umemnyima kwa sababu hajamaliza mafunzo. Nikampa langu na ufunguo wake, akalitundika. Nilidhani ameshashuka, mama. Haki ya nani, nilidhani ameshashuka!"

"Nani?"

"Mrithi."

Hakuna aliyecheka tena.

Meneja alijua papo hapo kijana yuko wapi. Kwenye kikao cha jana Mrithi alisoma taarifa kwamba laini iko tayari. Meneja akamkatisha mbele ya watu wote: kamba ya kuvutia nyaya bado inaning'inia kwenye mnara wa mtoni, umeipitaje? Hukwenda kutazama. Nani anakupa kufuli wewe usiyejua kupanda? Watu walicheka. Kijana alikaa chini uso umemwiva.

Leo kaenda kuitoa kamba mwenyewe, amwonyeshe. Na kule mtoni simu haishiki.

"Mpumbavu," Meneja alisema, macho yakimlengalenga. "Mpumbavu mkubwa. Lakini alitundika kufuli. Hata akiwa na hasira nami, alitundika."

Akageuka kumtazama Mkurugenzi, akitegemea kuona mtu aliyeshukuru. Alimwona mtu aliyekauka.

"Mheshimiwa? Kijana yuko salama. Kufuli lipo. Hakuna atakayewasha."

Sauti ya Mkurugenzi ikatoka, nyembamba.

"Ile simu... nimewaambia wawashe kutoka upande wa pili."

Ndiyo hivyo, msomaji. Laini ina ncha mbili. Meneja ameketi juu ya ncha moja, na Mkurugenzi, kumkomoa, akaagiza umeme uingizwe kwa ncha nyingine, kule kwenye kituo cha bwawa.

"Piga simu uwazuie!"

"Nilimtuma mkuu wa walinzi wa kule. Sasa hapokei!"

Meneja aliirukia redio ya mawasiliano. Mkono ukasita juu ya kitufe. Msimamizi wa kituo cha bwawa ni kaka yake wa kuzaliwa. Kaka mtu naye aliomba kazi ya umeneja wa programu, akakosa, mdogo mtu akapata. Tangu siku hiyo hawajazungumza neno lisilo la kazi. Kwa mama yao mmoja akiingia kwa mlango wa mbele, mwingine hutokea wa nyuma.

Akabonyeza.

"Kituo cha bwawa, kituo cha bwawa. Meneja wa programu anaita."

Redio ikakoroma. Kisha sauti nzito, ya taratibu, sauti ya mtu anayependa chakula na kiti chake.

"Tumearifiwa hakuna meneja wa programu. Kafukuzwa. Nani anaita?"

Akafumba macho.

"Kaka, ni mimi."

Nyundo akasogeza sikio karibu na redio.

"Nilijua siku moja utaniita kaka," sauti ilisema. "Nilitegemea iwe kwa mama, siyo redioni."

"Kaka, umewasha?"

"Nani, mimi? Alikuja mlinzi hapa na amri ya simu, eti nifungue swichi, dada yako hayupo tena. Nikamwuliza, kufuli la dada yangu liko wapi? Akasema linaning'inia. Nikamwambia basi langu nalo linaning'inia. Ufunguo nimeukalia, na uzito wangu unaujua."

Chumba kilipumua. Meneja alicheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa mkono wa koti.

"Kuna mtu mnarani, kaka. Mnara wa mtoni."

"Nilijua yupo. Wewe ni mkaidi, lakini huna ukaidi wa bure. Lakini mdogo wangu, fanya haraka. Hawa hapa wamekwenda kuleta mka—"

Zikasikika vurugu. Kiti kikaanguka. Mtu akafoka, "Mtoeni huyu mzee!" Kaka mtu akanguruma. Chombo chake kikagonga sakafu, lakini sauti zikaendelea kuja, wazi kabisa, viatu, mihemo, matusi.

Mkurugenzi alimpokonya Meneja redio. "Msikate! Mpwa wangu yuko juu! Mnanisikia? Msikate!"

"Hawasikii," Meneja alisema. "Redio yake imeanguka, kitufe kimebonyea. Mradi kitufe kimebonyea kule, sisi tunasikia tu. Hatuwezi kuingia."

"Fanya kitu! Nakuomba! Yule ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mimi!"

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mikono ya ethi! Nyundo, leta mtaimbo wa kuzungushia! Chukua redio!"

Wakatoka mbio hadi uwanja wa mitambo, nyuma ya turubai la sherehe. Pale ndipo laini inapoingilia mjini, na chini yake kuna hiyo mikono ya ethi, mikono ya chuma inayoweza kuufunga waya na ardhi. Ikifungwa, umeme wowote utakaoingia unazama chini badala ya kumngoja mtu. Ilikuwa imefunguliwa asubuhi kwa ajili ya sherehe.

"Tukiifunga halafu wawashe," mwendesha mitambo alipaza sauti nyuma yao, "kituo kizima cha bwawa kitajizima pamoja na laini ya zamani! Mji utaingia gizani! Mbele ya mgeni rasmi!"

"Uingie!"

Nyundo akatia mtaimbo, wakaanza kuuzungusha. Ulikuwa mzito. Mikono ya chuma ilipanda juu polepole mno. Mkurugenzi akavua koti, akalitupa kwenye kokoto, akashika mtaimbo karibu na mikono ya mwanamke aliyemfukuza muda mfupi uliopita.

"Sukuma!" Meneja alimwamrisha. "Siyo kwa mikono, kwa mgongo!"

"Nasukuma, Meneja! Nasukuma!"

Kutoka turubaini ukasikika wimbo, kisha makofi, kisha mshereheshaji akaanza kuhesabu. Watu wa mbele walikuwa wamesimama, wanachungulia uani: mbona mkurugenzi yule amelowa jasho? Begani kwa Nyundo redio ilitoa sauti moja kavu, sauti ya chuma kinachokatika.

"Wamekata," Nyundo alinong'ona.

"Sukuma!"

Mikono ya chuma ikagusa waya, ikauma, ikajifungia.

Ukatoka mngurumo uliotikisa kokoto chini ya miguu yao. Kisha muziki ukakatika katikati ya neno. Feni za turubaini zikapunguza mwendo, zikasimama. Taa za barabara nzima, zilizokuwa zimewashwa mchana kwa mbwembwe za sherehe, zikazimika moja baada ya nyingine hadi mwisho wa macho.

Mgeni rasmi aliondoa kidole juu ya kitufe kama aliyeungua. Akatazama huku na huku, akawaona waliosimama uani.

"Nani amezima?"

Mkurugenzi, suruali ina grisi hadi magotini, akarudi nyuma hatua moja. Meneja akapiga hatua mbele ya wote, hana kitambulisho shingoni, nywele zimemtimka.

"Mimi," alisema, turubai zima lisikie. "Nimeuzima mji. Na kesho ikibidi nitauzima tena. Kule mtoni kuna mtu juu ya mnara, na laini hii haitawaka mpaka ashuke kwa miguu yake. Mwenye kutaka kupiga makofi apige sasa."

Hakuna aliyepiga. Ila nyuma kabisa mafundi wa laini, waliokuwa wamewekwa huko wasichafue picha, walisimama wote kwa pamoja.

Redio ikakoroma. Kaka mtu alikuwa anahema.

"Mdogo wangu. Kila kitu kimejizima huku. Wamekimbia, waoga hawa. Mlinzi wa daraja la mtoni kanipigia sasa hivi kwa simu ya waya."

"Kijana yu hai?"

"Yu hai. Ule mngurumo ulimshtua, akateleza. Ameshikwa mguu na ile kamba, ananing'inia kichwa chini juu ya maji. Mlinzi anasema kamba inakaribia kukatika."

Mkurugenzi alikaa chini kwenye kokoto. Meneja akawatazama mafundi. Mrefu alikuwa anatetemeka mwili mzima, huyo hapandi popote leo. Nyundo mkono uliochunwa na mtaimbo ulikuwa unavuja damu. Wengine ni vijana waliovuta nyaya za bondeni, mnara ule hawaujui. Anayeujua kila chuma chake ni mmoja tu, na ana miaka hajapanda.

"Kaka. Nikipanda mimi, kuna kitu kitaguswa huko?"

"Nimejilaza mlangoni kwa swichi, mdogo wangu. Anayetaka kuigusa itabidi apite juu ya tumbo langu, na huko nako ni kupanda mlima."

Meneja aliinama, akavua viatu vyake vya sherehe, akamkabidhi mgeni rasmi, aliyevipokea bila kujua anafanya nini.

"Dereva, washa gari," alisema. "Nyundo, nipe mkanda."